Kaske Yako Irudi Nawe
Namna ya kulinda kaske ya moto dhidi ya wezi mjini Goma

Kijitabu hiki ni cha motari anayebeba abiria kutwa nzima, cha mwenye moto yake binafsi, na cha abiria anayekabidhiwa kaske ya mwenziwe. Kisome, kisha mpe jirani yako wa parkingi.

1. KWA NINI TUZUNGUMZE JUU YA WIZI WA KASKE?

Simama asubuhi kwenye Rond-point Signers uangalie moto zinazopita. Utaona kaske zisizo na kichwa ndani yake: hii imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni, ile imepachikwa kwenye kiwiko, nyingine imefungwa nyuma kwa mpira. Utaona pia waendeshaji wasio na kaske kabisa, ingawa wanayo nyumbani.

Sababu zinazotajwa zinajulikana: joto, jasho, abiria hawataki. Iko sababu nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni hofu ya kuibiwa. Mtu aliyepoteza kaske moja sokoni hununua ya pili iliyo hafifu, ili ikiibiwa asiumie sana. Akipoteza na hiyo, anaacha kununua. Mwingine anaiacha ile nzuri nyumbani na kuitoa siku za safari ya Sake tu. Kwa njia hiyo mwizi wa kaske moja anaacha vichwa vingi wazi.

Goma ni mji uliojengwa juu ya lava. Ile iliyoteremka kutoka volkano ya Nyiragongo Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mawe yake ndiyo kuta zetu, nyua zetu na sehemu kubwa ya barabara zetu za mitaani. Anayeanguka hapa mara nyingi anaangukia jiwe. Mwaka 2008, mapitio ya Cochrane yaliyokusanya tafiti za nchi mbalimbali yalionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa mwendeshaji aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo anaipata aliyeivaa. Kwa hiyo lengo la kijitabu hiki ni hili: ujue kuilinda kaske yako, ili usiwe na sababu ya kuiacha nyumbani.

2. WEZI WANAVYOIPATA

Kaske haihitaji ufunguo wala nguvu. Ni nyepesi, inauzika haraka, na mtu anayetembea na kaske mkononi hashukiwi na yeyote. Njia zao ni chache:

• Kuokota. Umeiacha juu ya kiti au kwenye kioo cha pembeni, umeingia dukani "dakika moja". Anayepita anaichukua kama yake na kuendelea kutembea.

• Kukata. Umefunga kadena kwenye ukanda wa kidevu. Ukanda ni kitambaa. Wembe unaumaliza kwa mkupuo mmoja. Mwizi anaondoka na kaske, wewe unabaki na kadena.

• Kunyakua. Katika msongamano, moto nyingine inakupita karibu, na aliyekaa nyuma anaichomoa ile uliyoning'iniza kwenye kiwiko au usukani.

• Kubadilisha. Kwenye parkingi yenye kaske nyingi, mtu anaacha yake iliyopasuka na kuchukua yako iliyo nzima. Akiulizwa, anasema alikosea.

• Kuondoka nayo. Abiria anashuka kwa haraka, analipa, anaingia katika umati wa watu na kaske kichwani. Pengine amesahau, pengine hakusahau.

3. NJIA NNE ZA KUILINDA, KUANZIA ILIYO BORA

Ya kwanza: ingia nayo. Hakuna kadena inayoshinda mkono wako. Ukifika benki au ofisini, ivue kabla ya mlango ili mlinzi aone uso wako, kisha uibebe. Mfuko wa kitambaa wenye kamba, wa kuvaa mgongoni, unaiacha mikono yako huru. Mwenye kaske ya nusu, ile isiyofunika uso, aifanye hii kuwa njia yake ya kawaida, kwa sababu kaske hiyo haina mahali pagumu pa kupitishia kable.

Ya pili: ifungie kwenye moto. Hii inafaa kwa kaske ya uso mzima, yenye taya. Fanya hivi:

a) Tumia kable ya chuma iliyovikwa plastiki, kama ile ya kufungia baiskeli, au mnyororo mwembamba, pamoja na kadena.
b) Ingiza kable kwenye uwazi wa uso, itokee chini, shingoni, ili taya nzima iwe ndani ya kitanzi. Usiipitishe kwenye ukanda peke yake.
c) Zungusha kable kwenye shasi au kwenye chuma cha mizigo kilichoshikwa na bolti imara. Kioo cha pembeni hufunguliwa kwa spana moja, kwa hiyo hakifai.
d) Kaza kitanzi. Kable ndefu inamruhusu mwizi kuilaza kadena chini na kuigonga kwa jiwe, na mjini kwetu jiwe halitafutwi.
e) Elekeza tundu la ufunguo chini, ili mvua na vumbi visiingie.

Moto nyingine zina ndoano ndogo ya kaske yenye ufunguo, ubavuni karibu na kiti. Angalia kama yako inayo. Ujue tu kwamba ndoano hiyo inashika ukanda, na ukanda unakatika. Itumie mahali unapoiona moto yako.

Kable hukatwa na koleo kubwa. Kazi yake ni kumzuia anayeokota na anayenyakua, na kumlazimisha mkataji afanye kazi mbele za watu. Usiitegemee kwa saa nyingi mahali pasipo na mtu.

Ya tatu: kofre. Ukiwa na kofre nyuma ya moto, pima kwanza kama kaske inaingia na kifuniko kinafunga. Bolti za kofre zifungwe kwa ndani. Anayeweza kuzifungua kwa nje atabeba kofre na kaske pamoja.

Ya nne: mkabidhi mtu. Tunasema mkabidhi, maana kuegesha karibu na mtu hakumfanyi awe mlinzi wako. Mwonyeshe kaske, mwambie unarudi lini, na usikie akikubali:

"Papa, naacha hii kaske nyeusi yenye mstari wa njano. Narudi mbele ya saa sita. Usimpe mtu hata akisema nimemtuma."
"Sawa, mwanangu. Nimeiona."

Mapatano mafupi namna hii yanamfanya mlinzi aijue kaske yako kati ya nyingine. Ukikuta parkingi wanatoa jeton, chukua moja kwa ajili ya moto na uulize kama kaske imo.

4. MAHALI KWA MAHALI

Sokoni. Virunga, Alanine, Kituku: kila mtu ana mikono miwili na vitu vya kubeba. Mwombe mama unayenunua kwake kila mara: "Mama, niwekee kaske chini ya meza, namaliza mzunguko narudi." Nunua kitu kwake, urafiki huo ni ulinzi. Usiiweke juu ya mzigo wa chukudu unaoondoka sokoni, maana msukumaji anaangalia mbele.

Petite Barrière. Wengi huacha moto upande wa Birere na kuvuka kwa miguu kwenda Gisenyi, na mara nyingi foleni hurefusha saa ya kurudi. Hapa kable pekee haitoshi: iache kaske kwa mtu unayemjua, au vuka nayo. Utakuwa umejisaidia pia, kwa kuwa upande wa Rwanda sheria inamtaka mwendeshaji na abiria wote wavae kaske, ingawa motari wa Gisenyi hubeba ya pili kwa ajili ya mteja wake.

Kanisani, msikitini, hospitalini. Watu huingia wengi kwa pamoja na parkingi inabaki bila watu. Wanaparokia, waumini na kamati za vijana wanaweza kuweka meza moja ya kaske mlangoni, na vijana wawili wa zamu. Hospitalini, ukiwa umeleta mgonjwa, akili yako iko kwa mgonjwa. Mpe kaske ndugu aliyebaki nje.

Nyumbani. Kaske ilale ndani ya nyumba. Ua wenye ukuta wa mawe hauzuii mkono unaopita juu yake.

Popote unapoiacha, iangalie na afya yake. Ukiivika juu ya kioo cha pembeni, ncha ya kioo inabonyeza lile povu gumu jeupe la ndani, na ndilo linalomeza kishindo cha ajali. Usiiweke karibu na bomba la moshi lenye joto. Usiioshe kwa mafuta ya gari, maana yanalila povu na gamba la nje. Mvua ikitishia, usiiache imelala mdomo juu, isije ikawa beseni.

5. KASKE YA ABIRIA

Motari mwenye kaske ya pili anastahili heshima, na hapaswi kuadhibiwa kwa kuipoteza. Kanuni ni moja: abiria akishuka, pokea kaske kwanza, pesa baadaye. Akishalipa, akili yake imekwisha kuondoka. Zima injini mpaka kaske iwe mkononi mwako.

Abiria naye ana wajibu wa kuirudisha. Motari, mfungie ukanda wewe mwenyewe, umwonyeshe unavyofunguliwa, ili asihangaike nao akifika. Anayechukia jasho la wengine ajivike leso au kitambaa chembamba kichwani kabla ya kaske. Nawe uanike kaske hiyo kila siku mahali penye hewa.

6. WEKA ALAMA, WEKA KUMBUKUMBU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kaske nyeusi zinafanana zote, na polisi hawezi kukurudishia kitu usichoweza kukitambulisha.

• Bandika nyuma vipande vya karatasi inayong'aa usiku, kwa umbo lako mwenyewe. Kaske yenye alama kubwa inamsumbua mwizi kuiuza, na usiku inaonekana na dereva wa nyuma yako.
• Andika jina au nambari yako kwenye kitambaa cha ndani, chini ya sponji, mahali asipofikiria kutazama.
• Usitoboe gamba, usilichome, wala usilipake rangi yoyote ya dukani. Rangi na gundi nyingine hudhoofisha plastiki bila wewe kuona.
• Ipige picha mbele, nyuma na ndani. Hifadhi fakture pamoja na hati za moto.

7. IKIIBIWA

Waulize waliokuwa karibu bila kumtaja mtu. Wajulishe wenzako wa parkingi na shirika lenu la wamotari, watume picha kwa wengine. Wamotari wako kila kona ya mji na wanaona mengi. Toa taarifa kwa shefu wa avenyu au kwa polisi, ukiwa na picha na fakture.

Sheria ya adhabu ya Kongo iko wazi. Kifungu cha 79 kinamtaja kuwa mwizi yeyote anayetwaa kwa hila kitu kisicho chake. Kifungu cha 80 kinaweka kifungo kisichozidi miaka 5 pamoja na faini kwa wizi usio na nguvu wala vitisho. Kifungu cha 101 kinamgusa anayeficha au kupokea mali ya wizi.

Usipige kelele za "mwizi!" katikati ya umati. Katika mji huu watu wamepigwa na kuchomwa mpaka kufa kwa kelele hiyo, na kundi halichunguzi kama limemshika mwizi mwenyewe au mpita njia aliyebeba kaske inayofanana na yako. Kaske hununuliwa tena. Ukimkamata mtu nayo, muite kiongozi, simama kati yake na kundi, na apelekwe akiwa mzima. Anayempiga mtu naye ana kesi ya kujibu.

8. USINUNUE KASKE YA MKONONI

Mtu akikuletea kaske barabarani kwa bei ya chini sana, bila fakture, ujue unalipia wizi wa kesho. Kila anayenunua anamtuma mwizi arudi parkingi, na pengine atarudi kwenye yako.

Iko hatari nyingine. Povu la kaske humeza kishindo mara moja. Kaske iliyokwisha kuanguka na mtu inaweza kung'aa kwa nje na kuwa imekufa kwa ndani. Ukilazimika kununua iliyotumika, inunue kwa mtu unayemjua, inua kitambaa, tazama kama povu lina ufa au mbonyeo, kisha vuta ukanda kwa nguvu. Kwa kaske mpya, tafuta lebo iliyoshonwa, mara nyingi kwenye ukanda, yenye herufi E na nambari ndani ya duara: ni alama ya kanuni nambari 22 ya Umoja wa Mataifa. Alama hiyo nayo hughushiwa, kwa hiyo usiache kukagua kwa mkono.

9. KATA UKURASA HUU, UUBANDIKE PARKINGI

Kabla hujaondoka kwenye moto:
☐ Naweza kuingia nayo? Basi naingia nayo.
☐ Kable imezunguka taya na shasi, si ukanda na kioo.
☐ Kitanzi kimekazwa, kadena haifiki chini.
☐ Mlinzi ameiona na amekubali.
☐ Kaske ya abiria imerudi kabla ya pesa.

Kabla hujawasha moto tena:
☐ Hii ni yangu, alama yangu naiona.
☐ Iko kichwani, ukanda umefungwa.