Mtoto Akichekwa, Usimwambie Nyamaza

Kwa wazazi na walezi wa Butembo na Beni

Sisi wahudumu wa afya tunaletewa vijana wanaolalamika kichwa na tumbo. Ukipima, malaria hakuna, minyoo hakuna. Ukimpa kijana nafasi aongee, anasema kule masomoni wanamcheka, hana rafiki. Nyumbani wanajua? “Nilisema, wakaniambia ninyamaze.”

USIMWAMBIE NYAMAZA.

Wanaochekwa zaidi

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina, na ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu 2,287; Katwa, Beni na Mabalako ziliumia sana. Baadhi ya watoto walioachwa yatima wakati ule leo ni vijana, na wapo ambao bado wanaitwa jina la ugonjwa uliowaulia wazazi. Wengine walikimbia mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014. Wanachekwa kwa ajili ya nguo, na kwa sababu wamepoteza miaka ya masomo na sasa wanasoma na wadogo. Msichana aliyebakwa, kijana aliyetoka msituni, mwenye kifafa, mwenye kigugumizi: hao pia.

Jina la kumcheka mtu si mchezo.

Dalili

Kijana aliyependa kuongea ameacha. Halali, au analala mchana kutwa. Tumbo linamuuma asubuhi za masomo tu, Jumapili ni mzima. Anakula peke yake, ana hasira za ghafla, ameanza pombe. Anaweza kulala chumba kimoja na ndugu sita na bado akawa mpweke.

Akikuambia

Keti naye, msikilize mpaka amalize. Usimwambie wewe uliona vita na hukulia. Usimchape. Usimtume akapigane. Ukienda naye kwenye maombi, asifungwe kamba wala kunyimwa chakula, na kituo cha afya msikiache. Nenda mwenyewe kwa mwalimu au kwa prefe, mzungumze pembeni, mtoto asisimamishwe mbele ya darasa. Halafu kesho yake muulize tena.

Usimwambie nyamaza. Hata kama umechoka, hata kama neno lake unaliona dogo, usimwambie nyamaza.

Kama mwanao ndiye anayecheka wenzake

Jina analowaita huenda alilisikia kwako.

Akisema afadhali afe

Usidhani anatania. Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumletei wazo hilo. Asiachwe peke yake, hata usiku. Dawa ya panya, dawa ya kunyunyiza shamba, vidonge vyote: vifungie kwa kufuli leo, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo umweleze muuguzi neno alilosema, bila kulificha kwa aibu. Akiwa amekwisha kunywa sumu, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Kimbia naye hospitali, na chupa ya sumu uibebe.