Kisiwa cha Rusinga na Mifupa ya Kale

Msomaji wa Nyamarambe atakaye kuona kisiwa hana haja ya kusafiri hadi Lamu. Ashike njia ya Homa Bay mpaka Mbita, ale ngege wa kukaanga kwa ugali, kisha avuke daraja aingie Rusinga. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969.

Huko pia, mwaka 1948, Mary Leakey aliona fuvu la Ekembo, zamani akiitwa Proconsul: mnyama kama sokwe, asiye na mkia, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Majivu ya volkano ya Kisingiri yaliihifadhi mifupa hiyo, na mvua ingali ikifukua mingine. Uionapo, usiiokote. Tabaka la udongo ilimolala ndilo lionyeshalo umri wake. Ikihamishwa ovyo, yawa mawe tu. Wajulishe watu wa Makumbusho ya Taifa.