Kontena la Mitumba: Hesabu Ifanywe Kabla Meli Haijang'oa Nanga

Faida ya kontena la mitumba hupatikana au hupotea kabla mzigo haujafika bandarini. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Gikomba huanza kwa kuchangiana mtaji, na mara nyingi sehemu ya fedha hizo ni mkopo. Kosa moja katika kontena la kwanza laweza kufunga duka. Somo la wiki hii linaeleza jinsi bei ya robota inavyojengwa, kutoka ghala la ng'ambo hadi Dar es Salaam au Mombasa.

UJAZO NA UZITO

Nguo zilizovaliwa hukandamizwa kwa mashine na kufungwa katika marobota. Robota lililozoeleka Afrika Mashariki lina kilo 45. Kontena la futi 20 lina ujazo wa takriban mita 33, na lile la futi 40 lenye kimo kirefu takriban mita 76, yaani zaidi ya mara mbili. Nauli hutozwa kwa kontena zima, na kwa kawaida ile ya kontena kubwa haifiki mara mbili ya dogo. Ndiyo maana waagizaji hupendelea kubwa, ambalo huchukua marobota kama 550, sawa na kilo 24,750.

Tangu Julai 1, 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa. Kanuni hii humsaidia pia mnunuzi. Uzito huo ukiondolewa uzito wa kontena tupu, kinachobaki ni uzito wa mali. Ukigawanywa kwa marobota 550 na kupatikana kilo 42 badala ya 45, mnunuzi amepunjwa kilo 1,650, na ushahidi anao kwa maandishi.

FOB NA CIF

Bei ya FOB ni ya mali iliyopakiwa melini katika bandari ya muuzaji. Nauli na bima ni juu ya mnunuzi. Bei ya CIF inajumuisha mali, bima na nauli hadi bandari ya kushukia. Wengi hudhani kwamba katika CIF muuzaji hubeba hasara hadi Dar es Salaam. Sivyo. Katika masharti yote mawili hasara humwangukia mnunuzi tangu mali inapopakiwa melini. Katika CIF muuzaji hulipa gharama tu; mzigo ukilowa njiani, anayedai bima ni mnunuzi.

USHURU WA FORODHA

Forodha za Afrika Mashariki hukadiria ushuru wa mzigo wa meli juu ya thamani ya CIF, hata kama mali ilinunuliwa kwa FOB. Kwa mitumba kuna kipimo cha pili, uzito, na kinachotozwa ni kile chenye kutoa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2016 kiwango cha pamoja kilipangwa kuwa asilimia 35 ya thamani au dola 0.40 kwa kilo. Baadaye nchi zimekuwa na viwango vyake. Rwanda ilipanda hadi dola 2.50 kwa kilo. Kwa hiyo kiwango cha mwaka husika kiulizwe kwa wakala wa forodha kabla ya kuagiza.

Tuchukue mfano wa darasani kwa kiwango cha 2016, nauli ikiwa dola 4,000 na bima dola 300.

Kontena la kwanza ni la gredi nzuri, dola 1.20 kwa kilo. Mali ni dola 29,700 na CIF ni dola 34,000. Asilimia 35 ni dola 11,900. Kwa uzito ni dola 9,900. Unalipwa ushuru wa dola 11,900.

Kontena la pili ni la gredi hafifu, dola 0.70 kwa kilo. Mali ni dola 17,325 na CIF ni dola 21,625. Asilimia 35 ni dola 7,569 tu, lakini kwa uzito ni zile zile dola 9,900. Unalipwa ushuru wa dola 9,900.

Robota la kwanza lililonunuliwa dola 54 limefikia dola 83.45, ongezeko la asilimia 55 hivi. La pili lililonunuliwa dola 31.50 limefikia dola 57.32, ongezeko la asilimia 82 hivi. Hapo Kodi ya Ongezeko la Thamani, gharama za bandari na usafiri wa lori bado. Kwa kifupi, mali rahisi hubeba nauli ile ile na ushuru mzito zaidi kwa kila dola ya mtaji. Robota likitoa kamera chache na fagia nyingi, rahisi imekuwa ghali.

BIMA

Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita. Wenye meli walitangaza hasara ya pamoja, utaratibu wa kale wa bahari ambao kila mwenye mzigo huchangia gharama za kuiokoa meli, hata kama mali yake haikuguswa. Mwenye bima huachia kampuni yake itoe dhamana. Asiye nayo hutakiwa kuweka fedha taslimu ndipo apewe kontena lake.

SIKU NA UNYEVU

Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Mkopo wa miezi mitatu hauvumilii safari ya namna hiyo. Aidha, jasho la kontena huotesha ukungu kwenye nguo, hivyo marobota yapakiwe yakiwa makavu, pamoja na mifuko ya kufyonza unyevu.

Mzigo ukishafika, bandari hutoza hifadhi na kampuni ya meli hutoza ucheleweshaji wa kontena, kila moja kivyake, siku za bure zikiisha. Kwa mfano, dola 100 kwa siku kwa wiki mbili ni dola 1,400, yaani dola 2.55 zaidi kwa kila robota.

KABLA YA KUTUMA FEDHA

Mwagizaji awe na mambo manne mkononi: orodha ya marobota kwa gredi na uzito, kiwango cha ushuru cha mwaka huo, hati ya bima, na uhakika kwamba hati ya shehena pamoja na cheti cha kufukizwa dawa vitatangulia meli. Kwa Tanzania, ahakikishe pia kuwa hakuna nguo za ndani zilizovaliwa, maana zimepigwa marufuku. Likikosekana moja kati ya hayo, ni heri kontena lisubiri ghalani kwa muuzaji kuliko lisubiri bandarini kwa gharama ya mnunuzi.