SOMO: KUJIANDAA KWA MTIHANI WA KIDATO CHA NNE UKUBWANI



Huku Kibera na Kawangware wako watu wazima wengi walioacha shule kwa kukosa karo, kupata mimba au kufiwa na wazazi. Leo mmoja anauza mboga, mwingine yuko mjengoni. Wakiomba kozi au kazi ya mshahara wanaulizwa cheti cha KCSE. Wengi wanaona haya, wasije wakaitwa ngumbaru. Lakini Mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Wewe je?

1. Tafuta karatasi zako. Mtahiniwa wa kibinafsi huulizwa matokeo ya KCPE, au CPE kwa waliosoma zamani. Kama zimepotea, anzia shule uliyosomea. Kisha enda afisi ya elimu ya kaunti ndogo, uulize kituo, ada na siku ya mwisho. Usajili huwa mapema mwakani, mtihani mwishoni mwa mwaka. Usimpe mtu wa njiani pesa eti akusaidie. Dai risiti.

2. Chagua masomo kwa busara. Yanatakiwa masomo 7. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima, na sayansi angalau mbili. Sayansi zina karatasi ya vitendo, na hiyo haisomwi kwa daftari tu. Kikundi kiombe shule ya karibu iwaruhusu kutumia maabara Jumamosi. Mkienda watano mnasikizwa kuliko mtu mmoja.

3. Jua mtihani ulivyo. Hisabati ina karatasi 2, kila moja saa 2 na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16, jibu yote. Ya pili ina maswali 8, jibu 5 tu. Anayejaribu yote 8 anapoteza wakati bure. Kiswahili kina karatasi 3: insha, lugha na fasihi. Usiseme, "Kwani si naongea Kiswahili kila siku sokoni?" Sheng ya sokoni itakuangusha kwenye insha.

4. Panga saa. Saa moja kila siku inashinda usiku mzima wa wiki ya mtihani. Kama nyumbani ni chumba kimoja na watoto wanalala, kikundi kitafute darasa au ukumbi wa kanisa jioni. Kila mtu anunue kitabu kimoja, mbadilishane. Mwenye mtoto wa sekondari asione aibu kumwuliza.

Msingoje sana. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na darasa hilo ni la kumaliza kidato cha nne mwaka 2027. Mfumo wa elimu unabadilika.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
- Ni nani kati yetu aliyeacha shule, na alifika wapi?
- Chama chetu kinaweza kuweka kando kiasi gani kila wiki kwa ada ya usajili?
- Mama akienda kusoma jioni, nani atabaki na watoto?

Swali la tatu msiliruke. Hapo ndipo wengi hukwama, si kwenye hesabu.