Kibano cha Springi: Tufungue Nguvu kwa Hesabu



Siku moja nilipita kwenye kibanda cha fundi pikipiki hapa Manundu, Korogwe. Nilimkuta kijana ameilaza shokapu chini. Ameikandamiza springi kwa goti, na mwenzake anavuta kamba. Walitaka kutoa vishikizo vidogo vilivyo juu ya springi. Kabla sijasema neno, kamba iliteleza. Kikombe cha chuma kiliruka, kikapita karibu na sikio la kijana, kikagonga bati la ukuta mpaka likabonyea.

"Mdogo wangu, ungepoteza jicho!" nilimwambia.

"Mwalimu, sisi tumezoea," alijibu. Lakini mikono ilikuwa inamtetemeka.

Mazoea hayo ndiyo yamenifanya niandike somo hili. Leo tutajifunza kutengeneza kibano cha springi ya pikipiki. Pia tutajifunza hesabu yake, maana kibano bila hesabu hakimlindi mtu.

KWA NINI SPRINGI INARUKA?

Pikipiki zetu hupanda Bungu na Vugiri, zikibeba watu na mizigo. Njia ina mawe na mashimo. Springi hupokea kishindo, na mafuta yaliyo ndani ya shokapu huituliza. Mafuta yakivuja, pikipiki hurukaruka. Hapo fundi hulazimika kuitoa springi ili aione shokapu yenyewe.

Sasa sikiliza vizuri. Shokapu ikiwa mezani, bila mzigo wowote, springi yake bado ina nguvu. Kiwandani waliibana kwanza, ndipo wakaifunga. Nguvu hiyo imo ndani, inangoja mlango.

Mwaka 1678 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alichapisha kanuni ya springi. Kanuni yenyewe ni hii: ukiibana springi mara mbili zaidi, nayo itakusukuma mara mbili zaidi. Tuseme springi yetu hubonyea sentimita 1 kwa uzito wa kilo 20. Basi:

Sentimita 1 ni kilo 20.
Sentimita 3 ni kilo 60.
Sentimita 5 ni kilo 100.

Kilo 100 ni gunia zima la mahindi. Je, goti lako litalizuia gunia hilo lisiteleze?

Kanuni ni hiyo hiyo hata ndani ya bunduki ya upepo. Humo mna springi. Ikiachiliwa husukuma pistoni, pistoni husukuma upepo, na upepo hutoa risasi. Mafundi wa bunduki hizo nao hutumia kibano. Wetu sisi ni wa pikipiki.

VIFAA

1. Fimbo moja ya chuma yenye nyuzi mwili mzima, unene milimita 16, urefu mita 1.
2. Mabamba mawili ya chuma. Kila moja urefu sentimita 16, upana sentimita 10, unene sentimita 1.
3. Nati 6 na washa 6 za fimbo hiyo.
4. Vipande viwili vidogo vya bamba nene, vya kutengenezea masikio.
5. Bolti moja inayoenea tundu la chini la shokapu, pamoja na nati yake.

KUTENGENEZA

Kwanza, kata fimbo katikati upate vipande viwili vya sentimita 50.

Pili, toboa kila bamba matundu mawili ya kupitisha fimbo. Tundu liwe sentimita 2 na nusu kutoka kila mwisho, katikati ya upana.

Tatu, bamba la juu likate mlango katikati ya ubavu wake mrefu. Upana wa mlango uwe sentimita 4, na kina sentimita 7. Kichwa cha shokapu kipite mlangoni, lakini kikombe cha springi kisipite. Kama chako kinapita, punguza mlango.

Nne, bamba la chini lichomelee masikio mawili yenye tundu la bolti. Mguu wa shokapu utakaa katikati yao.

Tano, funga fimbo kwenye bamba la chini. Kila fimbo iwe na nati juu na nati chini ya bamba, zikazwe sana. Bamba la juu litaingia kwa juu, na kila fimbo itapata washa na nati moja. Nyuzi zipakwe grisi.

KUTUMIA

Funga mguu wa shokapu kwa bolti. Shusha bamba la juu mpaka likalie kikombe. Elekeza mlango ukutani. Usiweke uso juu ya shokapu.

Zungusha nati nusu mzunguko upande huu, kisha nusu mzunguko upande ule. Bamba lisiende upande. Nati ya fimbo hii hushuka milimita 2 kwa mzunguko mmoja. Mizunguko 10 ni sentimita 2. Andika katika daftari kila unapozungusha.

Kikombe kikishuka vya kutosha, toa vishikizo kwa koleo, wala si kwa vidole.

HAPA NDIPO WENGI HUUMIA

Fundi amebana mizunguko 10, ametoa vishikizo. Sasa anafungua. Akifika mizunguko 10 anasema, "Nimemaliza," anaanza kutoa nati. Amekosea!

Tukumbuke, kiwandani springi ilibanwa sentimita 3. Sisi tukaongeza sentimita 2. Jumla ni sentimita 5. Vishikizo vimekwisha toka, kwa hiyo kibano peke yake ndicho kimeshika zote 5. Akifungua mizunguko 10 amelegeza sentimita 2 tu. Zimebaki 3, yaani kilo 60. Lazima aongeze mizunguko mingine 15.

Kubana mizunguko 10, kufungua mizunguko 25. Shokapu nyingine itakuwa na hesabu yake, ila kufungua daima kutazidi kubana. Usitoe nati hata moja mpaka springi icheze kwa vidole viwili.

TAHADHARI

Vaa miwani ya kazi. Watoto wakae mbali.
Springi usiichome moto wala kuichomelea. Chuma chake hupoteza ugumu.
Shokapu yenye gesi usiitoboe wala kuifungua mwili wake.
Fimbo iliyopinda au nyuzi zilizoliwa, tupa.
Kibano hiki si cha gari. Springi ya gari ina nguvu kubwa zaidi.

Msomaji, kalamu si ya barua tu. Ikae kibandani pamoja na spana. Jicho halina spea.

MASWALI

Jibu katika daftari lako, kisha mjadiliane na wenzako.

1. Kwa nini shokapu isiyo na mzigo bado ni hatari?
2. Springi hubonyea sentimita 1 kwa kilo 15. Ikibanwa sentimita 4, itasukuma kwa kilo ngapi?
3. Kiwandani springi ilibanwa sentimita 2. Wewe umebana mizunguko 5, kila mzunguko milimita 2. Utafungua mizunguko mingapi mpaka ilegee?

Majibu ya hesabu: swali la 2, kilo 60, swali la 3, mizunguko 15.