Mzee apumue kama kawaida

Msomaji mmoja ana baba anayejiandaa kuanza tiba ya mionzi kwa saratani ya pafu. Siku ya picha za maandalizi, mzee aliwekewa kiboksi cha plastiki juu ya tumbo, akaambiwa atulie na apumue kama kawaida. Kwa kuogopa kuharibu kazi, akabana pumzi mpaka mtaalamu akamsihi aiachie. Msomaji anauliza: ikiwa mionzi inalengwa mahali padogo hivyo, si afadhali mzee asipumue wakati mashine inafanya kazi?

Hofu yake ina msingi, maana pafu halitulii. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hushuka na kupanda. Uvimbe ulio ndani ya pafu huchukuliwa humohumo.

Unakwenda umbali gani? Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, pamoja na wenzao wa Uholanzi walichapisha vipimo vya wagonjwa 20 waliopandikiziwa punje ya dhahabu ya milimita 2 ndani ya uvimbe au jirani yake. Uvimbe wa sehemu ya chini ya pafu, usioshikamana na kitu kigumu kama mbavu au uti wa mgongo, ulipanda na kushuka kwa wastani wa milimita 12. Ule wa juu, au ulioshikamana, ulicheza kama milimita 2 tu. Kwa takriban nusu yao kulikuwa na ajabu nyingine: uvimbe ulikwenda kwa njia moja pumzi ikivutwa, ukarudi kwa njia nyingine ikitolewa.

Ndiyo maana picha moja ya haraka ya CT haitoshi. Inaunasa uvimbe ukiwa njiani. Mtu anaweza kusema basi eneo la mionzi lipanuliwe pande zote, lakini gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 3 ukiongezewa sentimita 1 kila upande, ujazo unaopigwa mionzi unazidi mara nne, na nyongeza yote hiyo ni sehemu ya pafu isiyo na ugonjwa, ambayo mgonjwa anaihitaji sana.

Hapo ndipo kiboksi kinapoingia. Kamera hufuatilia kinavyoinuka na kushuka, huku mashine ya CT ikipiga picha nyingi. Kompyuta huzigawa kwa hatua za pumzi, mara nyingi hatua 10, na daktari huona safari yote ya uvimbe. Eneo la mionzi huchorwa kufuata safari hiyo ya mgonjwa huyohuyo. Mzee akipumua kwa woga siku ya picha, ramani itakayochorwa si ya pumzi atakayokuwa nayo siku za tiba.

Kubana pumzi nako ni njia halali, ila huamuliwa na timu ya tiba na hufanyiwa mazoezi kabla. Mgonjwa hushikilia pumzi kwa sekunde kadhaa, tena na tena, kwa kiwango kilekile, na wengi wenye mapafu yaliyochoka hawawezi. Mashine nyingine huwaka pale tu pumzi inapofika hatua iliyochaguliwa. Katika Taasisi ya Karolinska, Sweden, miaka ya 1990, Ingmar Lax na Henric Blomgren walikandamiza tumbo kwa kibao ili kiwambo kisicheze sana, na njia hiyo ingali inatumika.

Kazi ya mzee, basi, ni kuwa mkweli kuhusu pumzi yake. Kikohozi kipya, mafua makali, maumivu au kuhema kuliko jana, vyote avitaje kabla ya kupanda kitandani, kwa kuwa mpango unaweza kuhitaji kupimwa upya.

Tena asisahau miezi inayofuata. Kati ya mwezi 1 na 6 baada ya tiba, pafu lililoguswa na mionzi linaweza kuvimba na kuleta kikohozi kikavu, homa ndogo na kukosa pumzi. Arudi haraka kwa daktari, na popote atakapotibiwa aseme kwamba kifua chake kilipigwa mionzi: dalili hizo hufanana mno na za nimonia na kifua kikuu, ilhali dawa yake ni nyingine.