Kiti cha Magurudumu na Mlango wa Behewa

Reli ya Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hivyo msafiri wa Mbekenyera huifuata treni Dar es Salaam. Tuseme hutumia kiti cha magurudumu, na sakafu ya behewa imelipita jukwaa kwa sentimita 60. Uzito wake pamoja na kiti ni nyutoni 900. Kumwinua wima kwahitaji kani hiyo yote, naye hubebwa kama gunia. Ubao wa mteremko wenye urefu wa mita 7.2 huigawa kani kwa 12: nyutoni 75, tukiacha msuguano. Msukumaji mmoja atosha. Kazi haikupungua, ni jouli 540 kwa njia zote mbili. Lakini ubao huo ni mrefu mno kwa jukwaa jembamba, ndiyo maana yafaa jukwaa lenyewe lijengwe sawa na sakafu ya behewa.

Zoezi: Pimeni kizingiti cha darasa lenu. Ubao wa urefu gani wahitajiwa ili nyutoni 75 zitoshe?